Majina Kumi na Moja ya Dunarroch

Kissa, mwenyeji wa Tukuyu, alikuwa na mwaka wa tisa Guangzhou, Uchina, akiwanunulia nguo watu wasioweza kufika wenyewe. Asubuhi ungemkuta soko la Shisanhang akipapasa vitambaa. Mchana yuko soko la Shahe, anabishana na wenye karakana. Wateja wake walikuwa wa Mbeya, Lusaka na Lubumbashi, isipokuwa mmoja: Bi Elspeth, mama mzee wa Uskoti aliyemiliki ngome.

Natalia, mfanyabiashara wa Iringa waliyepanga naye chumba, alidhani anataniwa. Lakini ngome ilikuwepo, ikiitwa Dunarroch: mnara wa mawe wenye kuta nene na paa linalovuja. Kila kiangazi Bi Elspeth aliwafungulia watalii, akawauzia skafu za mirabaraba zenye rangi za ukoo wake. Safari hii alitaka kila skafu iambatane na kadi yenye historia ya ukoo huo.

Maelezo aliyatuma kwa simu. Kissa aliyasoma ndani ya metro mpaka akapitiliza kituo. Akina Kinvarrie, ukoo wa Bi Elspeth, walijenga mnara ule miaka mia tano iliyopita. Walipigana na majirani kwa ajili ya ng'ombe, wakaoana nao, kisha wakapigana tena. Mwaka 1745 waliingia kwenye uasi wa kumrudisha mfalme wa ukoo wa zamani. Waliposhindwa, serikali ikatwaa ardhi yao, wakarudishiwa baada ya karibu miaka arobaini.

Chini kulikuwa na picha ya ramani iliyochakaa. Ubavuni mwa mnara vilichorwa vijumba kumi na kimoja. Kwenye picha ya siku hizi, pale pale, kulikuwa na nyasi na kondoo tu.

Jambo hilo lilimkaa Kissa rohoni. Bibi yake mzaa mama alihamishwa kupisha shamba la chai, na mpaka anafariki alikuwa akiwaonyesha wajukuu mahali lilipokuwa jiko lake, katikati ya mistari ya michai. Kabla hajajishauri vizuri, akaandika: "Mama, watu wa nyumba hizi walikwenda wapi?"

Hakujibiwa siku hiyo, wala iliyofuata.

"Mteja wa watu unamuuliza mambo ya babu zake ya nini?" Natalia alimshangaa. "Wewe si umeagizwa skafu?"

"Nimeshauliza, dada. Sasa nifanyeje?"

Siku ya tatu, Liang, mama mwenye karakana, alipiga simu. Skafu zilikuwa tayari, kadi bado. Mashine ya kuchapia ilikuwa inasubiri. Kissa aliomba apewe mpaka kesho, akingoja jibu la Bi Elspeth. Wali wake aliuacha sahanini, Natalia akamsema. Aliandika ujumbe wa kuomba radhi, akaufuta, akauandika upya.

Kabla hajautuma, simu ikalia. Alikuwa Bi Elspeth mwenyewe.

"Kissa, nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa darini natafuta daftari la wapangaji."

"Nilidhani nimekuudhi, Mama."

"La. Babu wa babu yangu aliwafukuza wote katika msimu mmoja, akaleta kondoo. Nyumbani kwetu hatukulisema. Nimezeeka nikingoja mtu aniulize, maana kuanza mwenyewe niliogopa. Wengine walipanda meli kwenda Kanada. Wengine sijui. Majina yao ninayo. Kadi ina nafasi?"

Kissa akakaa kitandani. "Ipo, Mama. Na isipokuwepo tutaipata."

Akamsimulia habari za bibi yake na lile jiko. Yule mama wa ngome akauliza bibi alikuwa akipika nini, na Kissa akajikuta anacheka, anaeleza ndizi na maharage kwa mtu wa Uskoti.

Kesho yake alisimama karakanani akikagua kadi ya kwanza, yenye wino mbichi. Mashujaa wa 1745 walikuwa upande mmoja. Upande wa pili yaliandikwa majina ya wenye nyumba kumi na mmoja. Liang alijaribu kuyasoma kwa sauti, ulimi ukakwama, wakacheka wote wawili. Kisha akauliza ni kina nani.

"Wapangaji," Kissa akamjibu kwa Kichina chake cha sokoni. "Walikaa pale, wakaondolewa."

Liang akaitazama kadi tena, akaupuliza wino ukauke, akaiweka juu ya skafu.

Mchana ule Kissa alikula sahani mbili za wali, na Natalia hakumsema.