Sauti ya Mama ilinyamaza kwenye saiti, kumbe version ya PHP ilibadilishwa

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma. Hii ilinipata mimi mwenyewe, nawaletea bila chumvi. Kiswahili changu ni cha huku, kina Kifaransa ndani, munivumilie.

Naishi na Mama hapa Majengo. Yeye ni mutu wa Rutshuru, mashamba na ng'ombe ndiyo yalikuwa maisha yake. Vita vikamutoa kule, akapita kambini Kanyaruchinya, ndipo nikamuchukua kwangu.

Dada yangu yuko Kampala na watoto wawili. Mukubwa anaitwa Divine, ana miaka minane. Mama wanamuita Koko, ndivyo wajukuu wa huku wanavyomuita bibi.

Sasa Koko kwa hadithi, wacha tu. Nikatengeneza saiti ndogo, nikatafuta hosting, kampuni ya kuihifadhi mtandaoni, nikawa narekodi hadithi zake na kuziweka pale. Divine anasikiliza, halafu anabonyeza kitufe cha chini na kumujibu kwa sauti yake.

(Mutaniuliza kwa nini si WhatsApp. Simu ya dada iliibiwa, voice note zote zikaenda nayo. Tulijifunza.)

Kila asubuhi Mama akimaliza chai ananiambia nifungue, amusikie mutoto.

Siku moja nikafungua, ukurasa mweupe. Hakuna hata neno.

Nikasema ni connexion ya internet. Connexion ikarudi, bado mweupe.

Mimi ni mutu wa informatique, kazi ya kompyuta, niko kwenye bureau (ofisi) moja upande wa Katindo, na kiburi chetu munakijua. Nikaingia kwenye serveur kwa terminal, nikaangalia version ya PHP, ile lugha inayoendesha saiti yangu. Ikanijibu 7.4, ile ile ya siku zote. Basi nikaamua kwamba tatizo ni code yangu.

Wakuu, niliteseka. Nafungua faili moja moja, nazima hiki, nawasha kile. Courant inakatika, umeme hakuna, nasubiri, narudia. Weupe ule ule.

Wakati huo Mama alianza kupunguza maneno. Nilimueleza kwamba saiti imeharibika, dada naye akapiga simu akamuambia hivyo hivyo. Hakuamini. Aliona tunamuficha kitu. Nikamuomba turekodi hadithi nyingine ya akiba, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

"Acha, mwanangu. Mutoto akikua anachoka na Koko. Si kosa lake."

Iliniuma, sitawadanganya. Huyu mama ameacha nyumba, ameacha ng'ombe, na sikuwahi kumuona akilia. Sasa alikuwa anajiandaa kusahauliwa na mujukuu wake, na alikuwa anajiandaa kwa adabu kabisa.

Nikameza kiburi, nikaandikia support ya hosting. Aliyekuwa zamu akanijibu kwa upole kwamba version ya kwenye terminal si lazima iwe ndiyo inayoendesha saiti. Kila moja inaweza kuwa na yake. Akaniambia niweke ndani ya saiti faili dogo la phpinfo, linaloonyesha PHP inayotumika, halafu nilifungue kwa browser.

Nikafanya hivyo. 8.3!

Kumbe walipandisha version ya saiti zote. Email walituma, mimi sikuisoma. Code yangu ya kizamani haikuelewana na hiyo mpya hata kidogo.

Nikaingia control panel, pale unapochagua PHP ya kila domain. Orodha ya version ikatokea, na 7.4 bado imo. Nikairudisha, nikafungua ukurasa. Sauti ya Mama ikatoka, anasimulia mambo ya fisi. Nikakaa pale kazini nikaisikiliza mpaka mwisho, wenzangu wananishangaa.

Nikafuta lile faili la phpinfo (usiliache, linawaonyesha wageni mambo ya ndani ya serveur), nikamujulisha dada.

Kesho yake nikakuta rekodi mpya ya Divine. Nikamupelekea Mama simu jikoni.

Kumbe saiti ilivyonyamaza, mudogo wake Divine alikataa kulala bila hadithi. Divine akawa anamusimulia yeye mwenyewe. Hapa alikuwa amerekodi hadithi moja ya Koko, ile ya ndama aliyeogopa kuvuka muto. Mama akiisimulia, ng'ombe wanakwenda zao, ndama anabaki ng'ambo. Divine akiisimulia, mama ng'ombe anageuka, anaingia tena majini, anarudi kumuchukua.

Mama alisikiliza kichwa kimeinama. Ilipoisha akaomba nirudie. Machozi yakamutoka, hakuyafuta.

Mimi na akili zangu za informatique nikamuambia mutoto amekosea mwisho, nitamupigia aurekebishe.

"Usimuguse," akasema. "Ya kwangu ndiyo ufute. Washa simu, nataka kuisimulia kama yake."

Tukarekodi palepale, maharagwe yakaungua.

Somo langu ni hili: saiti ikigoma, kabla hujavuruga code, angalia kwanza hosting yako inakubali version zipi, na saiti yenyewe inatembea na ipi. Terminal isikudanganye. Na email za hosting zisomwe jamani.

Najua 7.4 imezeeka, haipati tena marekebisho ya usalama, siwezi kubaki nayo. Nimeshatengeneza kopi ya saiti, najaribu kuipandisha 8.3 pole pole. Aliyewahi kuhamisha code ya zamani namna hiyo aniandikie hapa chini alianzia wapi.

Ila munishauri taratibu, wakuu. Humo ndani yumo mama yangu.