Jicho la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu nilitumia naye darubini moja karibu mwaka mzima, pale Mbeya, na sikuwahi kumtazama usoni. Msicheke. Siku hizi vitabu vinasema hadubini, na wakwe wanakula meza moja wakitazamana. Enzi zetu, miaka ya hamsini, mwanamke wa Kinyakyusa alimkwepa baba wa mume wake: hamtazami, hasemi naye, akimwona njiani anaingia kichakani mpaka apite. Wakristo tulikuwa. Sisi tulibatizwa, mila haikubatizwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma damu hospitalini. Nilifundishwa Iringa, nikiishi Kihesa kwa mama mmoja wa Kihehe aliyenitania kila asubuhi: "Ukiichoka damu, Mnyakyusa, nenda kachume chai." Sikuichoka. Baba mkwe naye alisoma damu, ila ya ng'ombe, kwa watu wa mifugo. Darubini yao ilidondoka ikapelekwa Iringa kwa fundi, na fundi yule kila lori la kuja Mbeya likipita Ipogolo alituma salamu kwamba wiki ijayo. Basi wakubwa wakapatana: ng'ombe asubuhi, watu mchana, darubini ya hospitali, chumba changu. Hakuna aliyeniuliza. Nilinuna wiki nzima.

Nafuu yetu chumba kilikuwa na milango miwili. Yeye akikaribia alikohoa, nami nikakusanya vioo vyangu vya damu nikatokea nyuma. Nikikaribia mimi niligonga pipa la maji, naye akaondoka. Bibi muuguzi, Mzungu aliyetuongoza daktari asipokuwepo, aliniuliza kama tunacheza kujificha. Nikamwambia ndiyo, bibi, ni mchezo wa kwetu. Alijua nimemjibu vibaya, akaniacha.

Kilichonikera zaidi ni ugoro. Mzee alinusa ugoro, na unga wake ulibaki pale pa kuwekea jicho. Kila mchana nilifuta nikinung'unika. Nikamtuma mama mkwe: mwambie ng'ombe hawanusi ugoro. Jibu likaja jioni: mwambie mimi kila asubuhi nakutana na mafuta yake ya kujipaka. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Sijui kama maneno yangu aliyafikisha yote, au aliyachekecha kwanza.

Lakini kazi aliijua. Macho yetu hayakuwa sawa. Kila mchana ilinibidi nigeuze skrubu ndogo kidogo, kutoka kwake kuja kwangu, ndipo nione vizuri, na naye asubuhi alilazimika kuirudisha. Mengine yote aliacha kama inavyotakiwa kwenye chombo cha watu wawili: lenzi imeinuliwa, yale mafuta tunayodondosha kwenye kioo yamefutwa, chini ya lenzi hakuna kitu. Hata siku moja hakusahau, na hilo nalo liliniudhi, maana nilitafuta kosa.

Halafu binti yangu wa kwanza akaugua. Homa ilikuja, ikaondoka, tukamshukuru Mungu, ikarudi na nguvu zaidi. Akapewa dawa ya malaria, ingawa malaria mimi sikuiona. Ilipomrudia tena hakulia, na mtoto wangu alikuwa wa kulia. Mama mkwe alimbeba mgongoni kutwa. Alikwisha kuzika watoto wawili, yeye na mzee, kwa homa ambayo hakuna aliyewatajia jina lake.

Nikatoa damu kidoleni mwa mtoto, nikaipaka kwenye kioo, nikaitia rangi, nikatazama mpaka shingo ikauma. Nikaona kitu chembamba kama uzi, kimejikunja kati ya chembe za damu. Homa ya papasi, nikasema, wale kupe wa kwenye sakafu za udongo. Au ni nyuzi za kitambaa changu? Nikakisogeza kioo nihakikishe, uzi ukapotea na sikuupata tena.

Dawa ilikuwepo, penisilini, lakini ilikuwa kidogo na imefungiwa kabatini. Na katika kazi yetu damu ya mtu wako husomi peke yako, kwa sababu mama huona kile anachotamani kuona. Daktari alikuwa safarini Iringa. Bibi muuguzi alikuwa na ufunguo, ila kutafuta kwenye darubini hakuzoea. "Nionyeshe," alisema. "Nikiona, nafungua." Nami sikuwa na cha kumwonyesha. Mbeya nzima, jicho jingine nililoliamini lilikuwa la baba mkwe.

Mama mkwe akamfuata, mtoto mgongoni. Nikasikia kikohozi, nikatoka nyuma nikaegemea ukuta. Mama mkwe akachungulia kwenye kona. "Anauliza umeona nini."

"Sisemi. Atazame kwanza."

Akaenda, akarudi. "Anasema mkwe wake ana kichwa kigumu, na ndivyo inavyotakiwa."

 Kwenye ukuta ule ndipo nilipojua woga ni nini. Asipoona kitu, kabati halifunguliwi, na mtoto hakuwa na nguvu za kungoja daktari. Nilimwomba Mungu, halafu nikamwomba mzee yule, kimoyomoyo, kwa lugha yetu.

Mlango wa mbele ukafungwa. Nikamuuliza mama mkwe amesemaje. "Hakusema kitu. Amepita ameshusha kofia mpaka puani."

Nikaingia, nikakuta lenzi imeachwa chini, imezama kwenye mafuta, na kioo cha mwanangu kipo palepale chini yake. Hasira zikanipanda. Leo, siku zote hizo, ndiyo leo anasahau? Mkono ulikwisha kwenda kuinua lenzi, nikausimamisha. Yule hakuwa mtu wa kusahau.

Nikachukua kitambaa nifute ugoro kama kawaida. Pale pa kuwekea jicho palikuwa pamelowa. Sikufuta. Nikaweka jicho langu juu ya machozi yake, na nyuzi zilikuwa katikati kabisa, tatu, zimejikunja, wazi. Sikugusa skrubu. Alikuwa ameiacha kwa jicho langu.

Bibi muuguzi akatazama, akatoa ufunguo. Mtoto alichomwa sindano mchana ule, na kabla ya Jumapili alikuwa akilia tena, nikafurahi kuliko siku niliyomzaa. Kesho yake baba mkwe alipotoka, nilisimama kwenye mlango aliopitia nikasema ndaga fijo, asante sana, na hapakuwa na mtu.

Darubini yao ilirudi kutoka Iringa kabla ya mvua. Mchana wa kwanza niliikuta yangu safi, haina ugoro, skrubu iko kama nilivyoiacha jana. Nikaweka kioo, nikaigeuza kidogo mpaka mahali alipokuwa akiiacha yeye, nikakaa nikitazama ukungu. Nilimkumbuka mzee yule, ambaye sura yake siijui mpaka leo.