Watano Bora, Bila Mosoti

Eliakim Okeyo alizaliwa kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la chai, nje kidogo ya Kericho, mahali ambapo nyumba zinafanana hadi mgeni hujipata amebisha mlango wa jirani. Baba yake alitoka Siaya kuja kuchuma majani chai, na baada ya hapo alirudi kwao kwa mazishi tu. Mama yake, Syprose, aliuza dagaa wa omena nyuma ya zahanati. Wakienda kwao ziwani, Eliakim aliitwa mtu wa Kericho. Wakirudi Kericho, aliitwa mtu wa ziwani. Hakujali sana, kwa sababu kando ya ukumbi wa wafanyakazi kulikuwa na uwanja wa saruji wenye kikapu kimoja, na hapo ndipo alipokutana na Kipkurui.

Kipkurui aliletwa pale na maziwa. Mama yake, Rodah, alikuwa na kishamba ng'ambo ya ua wa kampuni, na kila asubuhi alimtuma mwanawe kuyapeleka kwenye laini. Kijana akimaliza kugawa, alikuwa anaweka mtungi chini na kuingia uwanjani, mpaka mama yake aje kumtafuta na fimbo. Wakakua hivyo, wawili hao. Baadaye waliichezea timu ya kampuni, na watu walisema Kipkurui hutoa pasi bila kuangalia, kwa vile anajua tu Eliakim yuko wapi.

Kisha ukaja mwaka wa vita baada ya uchaguzi. Laini zilipoanza kuchomwa na watu wa ziwani kusakwa, Rodah alivuka ua mwenyewe, akamshika Syprose mkono, akamwambia na Eliakim afuate, akawaficha wote jikoni kwake. Vijana walipofika langoni kuuliza, Kipkurui ndiye aliyetoka. Eliakim alimsikia kupitia nyufa za mbao akiwaambia kwa Kikipsigis kwamba mle ndani kuna mama yake na ndugu yake, na anayetaka kuingia aanze na yeye. Waliondoka. Tangu siku hiyo Eliakim hakumwita tena rafiki. Alimwita ndugu, na hakuwa anatania.

Maisha yakawapeleka kila mtu na upande wake. Eliakim alipata kazi ya stoo katika Chuo cha Ufundi cha Sosiondet, ukielekea Kimulot. Timu ya basketboli ya wanaume haikuwa na kocha, naye akaichukua, kazi juu ya kazi. Kipkurui alisomea michezo, akaajiriwa kocha Mugenyet, chuo kikubwa upande wa Silibwet chenye ukumbi wa kuchezea na basi lake. Timu zao zikikutana, waligombana uwanjani kama maadui, halafu wakaenda kwa Rodah kula na kucheka.

Kila msimu ukiisha, makocha wa vyuo vya huku hukutana kuchagua wachezaji watano bora. Hao watano huenda Nairobi kucheza mbele ya klabu kubwa. Kijana wa huku asipopita hapo, ni vigumu mtu mwingine amwone. Sheria ya kikao ni nyepesi: jina la mchezaji likitajwa, kocha wake anatoka nje. Wanaobaki wanajadili, wanainua mikono. Kwa hiyo kila kocha anawaachia wenzake mtu wake, na anatumaini watakuwa waungwana.

Mwaka huo Sosiondet walikuwa na Mosoti, kijana mrefu wa kutoka mpakani na Kisii, aliyekuja kusomea umeme na hakuwa amewahi kuushika mpira wa kikapu. Eliakim alimfundisha yote, kuanzia jinsi ya kusimama. Jumapili Mosoti alikula kwa Eliakim, na mke wa kocha, Edinah, alikuwa amezoea kupika ugali mkubwa zaidi siku hiyo. Kufikia mwisho wa msimu hakuna timu iliyomweza. Walimwekea watu wawili, na bado kila mpira uliogonga ubao ukarudi mikononi mwake.

Kikao kilifanyika Roret, katika ukumbi wa kanisa. Jina la kwanza lilikuwa la Kimutai, mchezaji wa Kipkurui. Kipkurui akatoka. Eliakim alisimama akamsifu Kimutai kwa haki, kwa sababu alistahili, akainua mkono. Kimutai akapita.

Jina la Mosoti lilipofika, Eliakim akatoka barazani. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, hakusikia lolote. Alisimama akitazama mawe meupe yakiruka juu ya chai ya jirani, roho yake ikiwa imetulia kabisa. Ndani kulikuwa na ndugu yake.

Walipomwita, mwenyekiti alikuwa anakwepa macho yake.

"Pole, kocha. Hajapita."

Kipkurui alimshika bega. "Nimejaribu, ndugu yangu. Wamekaza shingo."

Kikao kilipoisha, Mellen, mwanamke pekee kati ya makocha, alimfuata mpaka kwenye pikipiki yake.

"Kocha Elia, kuna kitu lazima ujue. Kipkurui ndiye alisimama kumpinga kijana wako. Alisema Mosoti hawezi kukaba, na ana kiburi, akienda Nairobi atatuaibisha. Watu walikuwa wanamtaka. Yeye ndiye aliwageuza."

"Mwalimu, wacha hiyo."

"Nilikuwa ndani. Wewe ulikuwa nje."

"Wewe hujui mimi na Kipkurui tumetoka wapi," Eliakim akasema, na sauti ikampanda. "Usije kuweka fitina kati yetu."

Mellen alimwangalia kidogo, akafunga koti lake, akaenda zake.

Kesho yake Eliakim alimkalisha Mosoti chini akamweleza habari mbaya. Kijana hakulia. Aliinama tu akikuna gamba la kidonda gotini.

"Usife moyo," Eliakim akamwambia. "Na ujue kuna mtu alikutetea. Kocha Kipkurui. Ukipata nafasi, nenda umshukuru."

Mosoti aliinua kichwa kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akasema tu, "Sawa, kocha. Nitaenda."

Muhula mpya ulipofunguliwa, Mosoti hakuripoti. Simu yake haikupatikana. Edinah alidhani ameugua. Eliakim aliuliza wenzake wa bwenini. Kila mmoja alijibu huku akiangalia kando.

Alimpata siku Sosiondet walipokwenda Mugenyet kwa mechi ya kirafiki. Vijana wake waliruka kutoka kwenye lori la chuo, wakaingia ukumbini, na pale chini ya kikapu, akipasha mwili katika jezi ya Mugenyet, alikuwa Mosoti. Eliakim alibaki mlangoni na mfuko wa mipira begani.

Mosoti mwenyewe ndiye aliyemjia.

"Kocha, nilitaka kukupigia."

"Mbona hukupiga?"

"Niliogopa. Lakini wewe ndiye ulinituma kwake, kocha. Uliniambia alinitetea. Nilipoenda kumshukuru akaniambia karatasi za kuhama ziko tayari, ni mimi tu."

"Tayari? Zilikuwa tayari tangu lini?"

Mosoti akababaika. "Alikuwa amenipigia hata kabla ya kikao cha Roret. Alisema nikikosa nafasi, mlango wake uko wazi, na nikiwa kwake hakuna atakayeniacha nje tena. Mimi nilijua mmepanga pamoja. Si nyinyi ni ndugu?"

Eliakim alimwambia arudi kwa wenzake, mwili usipoe. Mechi ilichezwa, na Sosiondet walipigwa vibaya. Ng'ambo ya uwanja Kipkurui alimpungia mkono mara moja, na baada ya hapo alijishughulisha sana na timu yake.

Jumapili iliyofuata Eliakim alikwenda nyumbani kwa Kipkurui. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, tena makali. Lakini aliyefungua lango alikuwa Rodah, amezeeka sasa, mkono mmoja kwenye kiuno.

"Chamgei, weri, mwanangu! Ingia, ingia. Umekonda hivi, Edinah hakupi chakula?"

Alimkalisha, akamletea mursik, maziwa ya mgando ya kwenye kibuyu, akamuuliza habari za Syprose na miguu yake. Kipkurui alikaa kwenye kiti cha pili bila kugusa kikombe chake. Mbele ya mama huyo, Eliakim hakuweza hata kuinua sauti. Alikunywa, akashukuru, akaaga, na Kipkurui akamsindikiza kama desturi ilivyotaka. Walisimama nje ya lango.

"Ulisema nini kule ndani, siku ile ya Roret?"

Kipkurui alivuta pumzi. "Nilisema kijana hajakomaa. Na ni kweli."

"Lakini umemchukua."

"Ili akomae. Elia, kuwa mkweli na wewe. Kule kwenu angekuwa nani? Hamna ukumbi, hamna daktari, mnasafiri kwa lori. Huyo kijana anahitaji kocha."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu wa stoo," Kipkurui akasema. Hakulisema kwa dharau. Alilisema polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake, na hilo ndilo lililomchoma Eliakim zaidi.

"Ungeniomba," akasema. "Ungekuja kwangu ukasema, 'Elia, nipe huyu kijana, kwangu atafika mbali.' Unajua ningekupa. Hakuna kitu ungeniomba nikakunyima, na wewe unajua kwa nini. Ukaamua kumchafua kwanza, halafu ukanishika bega."

Kipkurui alitazama chini. Hakuomba msamaha. Alisema tu kwamba Mama anamngoja ndani, akarudisha lango.

Jioni hiyo Eliakim alimpigia Mellen. "Mwalimu, ulisema kweli. Nisamehe kwa yale maneno."

"Nimeyasahau," Mellen akamjibu, kisha akajirekebisha. "Hapana, sijayasahau. Lakini nimekusamehe."

Msimu huo Eliakim aliandikia chama cha makocha kwamba hataingia tena kwenye kikao cha kuchagua. Vijana wake wakitajwa, watasemewa na atakayependa. Mosoti alichaguliwa katika watano, akaenda Nairobi, na klabu moja ikamchukua. Alimtumia Eliakim picha. Eliakim aliitazama kwa muda mrefu, akamwonyesha Edinah, akaandika: "Hongera. Kunja magoti ukitua."

Kwa Rodah aliendelea kwenda, ila siku za kazi, wakati Kipkurui yuko chuoni. Alimpasulia kuni, akamzibia mabati yanayovuja. Mchana mmoja alikuwa ameshuka ngazi anajifuta mikono pale mama aliposema, bila kumwangalia:

"Siku hizi hamkuji pamoja."

"Ni kazi, Mama."

"Kipkurui aliniambia ni wewe umekataa. Anasema umemwonea wivu, kwa sababu yule kijana alimpenda yeye kukushinda."

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwa Eliakim. Aliiweka chini taratibu. Maneno yote ya lile lango yalimjia mdomoni, na angeyasema, mama angemwamini, alijua hivyo. Rodah alikuwa anangoja, macho yake yamekaza kwenye ndoo ya maziwa, uso wa mzazi anayeogopa jibu jingine, la kumshtaki mwanawe.

"Itakuwa ni hivyo, Mama," Eliakim akasema. "Wivu si kitu kizuri."

Rodah akatikisa kichwa kwa huzuni, akampa pole, na akamwambia ajaribu kumsamehe mwenzake.