Jino Juu ya Bati

Wenzangu wakisikia harufu ya karafuu hukumbuka pilau, sikukuu na nguo mpya. Mie nikiisikia, midomo hujifunga yenyewe na ulimi hupita kwenye meno ya mbele kuhakikisha yote yapo. Juzi mjukuu wangu alikuwa anatwanga viungo jikoni, nikamwomba akatwangie uani. Akaniuliza karafuu imenikosea nini. Nikamwambia haijanikosea kitu, mkosaji ni mimi, halafu nikanyamaza, maana kisa chenyewe si cha kumsimulia mtu mwenye mchi mkononi. Nyie mmekaa, basi sikilizeni.

Tulikuwa tunaishi Temeke, vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita, bati juu, uani mpapai mmoja na choo cha wote. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago. Alitoka Newala akiwa kijana na patasi zake ndani ya mfuko wa gunia, na hadi anazeeka alikuwa ananukia mpingo. Mama alifanya kazi kiwanda cha nguo, zamu ya asubuhi. Hizo zilikuwa siku za Ujamaa, na kila mtu alikuwa na zamu yake ya kitu fulani: kiwandani, shamba la shule, foleni ya sukari. Zamu yetu mie na mdogo wangu Shaibu ilikuwa bombani. Mie nilikuwa na miaka kumi na moja, yeye minane.

Mwaka huo Bibi, mama yake Baba, alihamia kwetu kutoka Newala kwa sababu macho yalianza kumtupa. Mtaa mzima ulikuja kumwangalia, na si kwa ajili ya macho. Bibi alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa, ile desturi ya zamani ya kwao, yamechongoka kila moja kivyake. Watoto wa jirani walimkimbia wiki ya kwanza. Wiki ya pili walipanga mstari mlangoni wamwombe acheke. Naye alicheka, tena kwa raha zake. Aliwasimulia jinsi alivyolazwa chali akiwa kigori, ungo umewekwa pembeni, fundi akaja na patasi na nyundo, kipande kwa kipande. “Na mie sikulia,” alimalizia kila mara, akijipigapiga kifua. Shaibu alikikariri kisa kile kama wimbo wa shule. Baba akichonga, Shaibu hukaa karibu na kumuuliza kama ataweza kumchonga naye, na Baba humjibu asubiri kwanza meno yenyewe yakamilike.

Yalikuwa yanakamilika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Yale mawili ya juu ya mbele, ya utoto, yalikuwa yametoka mwaka mmoja nyuma, kabla Bibi hajaja. La kushoto nililitoa mie mwenyewe kwa uzi niliofunga kwenye kitasa cha mlango. Yakaota mapya, mapana, yana vimeno vidogo kwenye ncha kama msumeno wa Baba, makubwa kuliko uso wenyewe. Alikuwa hafungi mdomo. Akicheka unaona meno kwanza, Shaibu baadaye.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Maji yalikuwa yamekatika siku mbili, na bomba la mtaa lilipoanza kukohoa watu walitoka majumbani kama siafu. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, nyingine zimewakilishwa na mawe, maana mtu mwenye shughuli aliweka jiwe lake na jiwe likaheshimiwa kama yeye. Nilipofika mbele, kabla sijatega ndoo, Shaibu aliinama akaweka mdomo kwenye bomba kunywa. Akanywa, akaendelea kunywa. Nyuma yangu wanawake wakaanza kuguna, mmoja akasema watoto wa siku hizi wana matumbo ya ngamia. Nikaona aibu, na aibu yangu siku zote ilikuwa ikigeuka hasira. Nikampiga kisogoni kwa kiganja. Si kwa nguvu, nilijiambia miaka yote, si kwa nguvu.

Nilisikia mlio mdogo wa mfupa na chuma. Shaibu akajiinua akaniangalia kwa mshangao, na damu ikaanza kushuka kidevuni. Jino la mbele la juu, la kushoto, lilikuwa limelala kwenye saruji, chini ya maji. Nililiokota kabla halijaingia mtaroni. Wanawake waliokuwa wanaguna sasa wakawa mama zetu, mmoja akamfunga mdomo kwa ncha ya khanga yake, mwingine akanijazia ndoo. Kusukumana bombani halikuwa jambo la ajabu. Kila mtoto wa mtaa ule alikuwa na kovu la bomba.

Njia nzima nilikuwa nimelishika jino mkononi na kuhesabu. Likiwa la utoto, nitapigwa makofi mawili, basi. Jino la utoto si lingetoka tu? Lakini hili lilikuwa la ukubwani, na mtu ukishalitoa jino la ukubwani la mwenzio umemtoa kitu ambacho Mungu harudii. Hata mie wa miaka kumi na moja nililijua hilo. Nilijua kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, maana uzi wa mwaka uliopita niliufunga kwa mkono wangu.

Bibi alikuwa peke yake nyumbani, ameketi ukumbini anachambua mchicha kwa vidole kwa sababu macho hayakumtosha. Alimkalisha Shaibu mapajani, akamsukutua mdomo kwa maji ya chumvi, kisha akamng'atisha kitambaa chenye karafuu alizozisaga. Ukumbi wote ukanukia. Alipomaliza akaninyooshea kiganja. Nikamwekea jino. Alilizungusha katikati ya vidole vyake polepole, toka ncha hadi chini.

“Mbona lina mzizi mrefu hivi?” aliuliza. “Mjukuu wangu, hili ni la kwanza au la pili?”

Shaibu alikuwa na kitambaa mdomoni. Alinitazama. Mie nikautazama mchicha.

“La kwanza, Bibi,” nikasema. “Lina mzizi kwa sababu lilikuwa bado halijalegea.”

Bibi aliupapasa tena mzizi kwa kidole gumba. Halafu akainuka, akatutoa uani, akamwambia Shaibu asimame na mgongo kwenye ukuta, akalirusha jino juu kwa ajili yake, akisema yale maneno ambayo kila mtoto wa Dar aliyasema: panya, panya, chukua jino bovu, niletee jino zuri. Lilitua kwenye bati. Nalisikia hadi leo, ka, ka, ka, likiteremka kwenye mikunjo, halafu likanyamaza. Jua lilikuwa la saa sita, bati lile ungeweza kukaangia yai.

Mama alirudi saa tisa alasiri, na nyuzi za pamba nyweleni. Alimfungua Shaibu mdomo mara moja tu. Akauliza jino liko wapi. Bibi akamwambia limekwenda kwa panya. Mama akakaa chini na mkoba wake begani. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba, kwamba lile lilikuwa jino la pili, la kwanza lilishatoka mwaka jana. Kisha akanigeukia mie. Aliuliza kwa nini sikumwambia bibi yangu.

Nilifungua mdomo. Bibi akanitangulia.

“Mtoto sikumuuliza,” alisema. “Nililirusha kwa akili yangu mwenyewe.”

Jamani, nilipumua. Niseme ukweli, sikuona huruma wala haya wakati ule, niliona ahueni tu. Nilidhani amesahau. Nilijiambia wazee husahau, na Bibi alikuwa amekwisha kusahau mahali pa miwani yake mara mbili wiki ile. Nikala makofi yangu mawili ya kusukuma mtu bombani, nikalia kuzidi maumivu.

Baba alipanda juu ya bati jioni ile ile, akalikuta jino limenasa kwenye mfereji, jeupe, kavu, limepauka. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi tukaenda wote watano kwenye zahanati yenye mganga wa meno, jino ndani ya kipande cha gazeti. Alikuwa kijana mwenye koti lililomzidi. Alimlaza Shaibu kwenye kiti kirefu, akamwekea pamba yenye mafuta ya karafuu kwenye fizi, akaligeuza jino mbele ya dirisha. Alituambia kwa upole, na upole wake ndio uliotumaliza. Jino la ukubwani likitoka zima, huoshwa haraka kwa maji safi bila kusuguliwa, na likirudishwa mahali pake mapema huweza kushika. Likikauka, limekufa. Hili limekufa.

Baba alipomweleza lilivyorushwa batini, akauliza nani aliyetuambia ni jino la utoto. Hakuuliza kwa ukali, alikuwa anataka kujua tu, ili amfundishe. Mama alitazama ukuta. Baba alimtazama mama yake, na sijapata kumwona tena Baba na uso ule. Bibi alisimama, mwanamke mzima mwenye meno yake yaliyochongwa, mbele ya kijana wa kumzaa.

“Ni mie, mwanangu,” alisema. “Nifundishe.”

Naye akamfundisha, neno kwa neno, na Bibi akaitikia “ehe, ehe” kama mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Mie nilikuwa nimeketi kwenye benchi, natikisa miguu.

Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Mama hakumtolea mkwewe neno baya hata moja. Alimpakulia kwa heshima, akamwamkia kila asubuhi, basi. Ilikuwa heshima ya kutandika kitanda cha mgeni. Bibi hakuwachekea tena watoto wa jirani. Shuleni Shaibu akaitwa Kibogoyo, na katika mchakamchaka wa asubuhi nyimbo zake zilitoka na mluzi. Akajifunza kucheka na kiganja mdomoni. Yule mtoto ambaye meno yake yalikutangulia kukusalimia akawa mtu wa kutabasamu kwa macho.

Baba ndiye aliyejaribu kutuokoa. Alichukua mfupa wa ng'ombe kutoka buchani, akauchemsha, akaukausha, akachonga jino. Alichukua siku nne, na ninyi mnaojua wachongaji mtaelewa kuwa kinyago kizima kilikuwa kinangoja. Lilikuwa jino zuri ajabu, hata vile vimeno vya msumeno alivichonga. Alilifunga kwa uzi mwembamba kwenye jirani yake. Shaibu alitembea nalo mtaani siku tatu, amenyoosha shingo kama diwani. Siku ya nne, ugali na dagaa, akalimeza. Tulingoja siku mbili likatoke lilikopaswa kutokea, na lilipotoka Shaibu alikataa katakata kulirudisha mdomoni, hata Baba alipoapa kwamba amelichemsha. Hapo ndipo Mama alipocheka, mara ya kwanza tangu siku ya bomba. Bibi naye akacheka, na meno yake yote yakaonekana. Wakatazamana. Toka hapo nyumba ikapona, mie peke yangu ndiye nikabaki na kidonda, tena cha kukificha.

Bibi alifariki nikiwa nimeshaolewa. Sikumwambia. Kila nikienda kumsalimia nilibeba neno lile hadi kizingitini, na nikishasema shikamoo linarudi tumboni.

Nilimwambia Shaibu. Tulikuwa watu wazima, yeye fundi seremala, juma lile ndiyo kwanza amewekewa jino la bandia linalokaa, na alikuwa amekuja kwangu kunionyesha. Alicheka bila kiganja. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia yote, mzizi mrefu, la kwanza au la pili, na jibu langu. Nililia hadi nikaona haya mbele ya wanangu.

Alisubiri nimalize. “Dada, mie nilikuwepo,” alisema. “Nilikuwa na kitambaa mdomoni, si masikioni.”

Kisha akaniambia nisilolijua. Usiku wa siku ile ya bomba alikuwa amelala na Bibi, kinywa kinamwuma, akamnong'oneza kwamba dada kadanganya. Bibi akamjibu kwamba analijua hilo, alilijua toka vidole vilipoushika mzizi, ila alitamani sana iwe kweli. Akamwambia kosa lake yeye ni kubwa kuliko langu, maana mie niliogopa, na yeye mtu mzima alijua akarusha. Akamwambia na jambo jingine, asimwambie mtu. Siku alipochongwa meno yeye alilia, alipiga kelele mpaka fundi akasimama, na dada yake mkubwa akatoka nje akawaambia wanawake wanaongoja kwamba mtoto hajatoa hata chozi. Dada yake yule alikufa bila kulisema.

“Akaniambia utakuja kusema mwenyewe,” Shaibu alisema, “na siku hiyo nisikucheke. Nimengoja miaka thelathini.”

Hakunicheka. Alikuwa na jino jipya la kuchekea, na hakunicheka.

Nimezeeka sasa kufikia umri aliokuwa nao Bibi alipokuja Temeke. Nilidhani alisahau. Kumbe kila nilipofika kizingitini pake na kusema shikamoo, alikuwa akiitikia marahaba, halafu ananyamaza kidogo kabla ya kuniuliza habari za watoto. Nilikuwa nadhani ni pumzi tu. Alikuwa ananipa nafasi.