Dakika Hamsini Zilizopotea Gitega

Juzi nilikuwa kwenye duka la kuchapisha karatasi pale Gitega, nimeshika hotuba nitakayotoa kwenye posa ya mpwa wangu. Mbele yangu alisimama binti aliyeleta skripti yake ya filamu. Waamuzi wa shindano waliitaka kabla ya saa kumi na moja, na saa kumi ilishapita. Mama mwenye duka akamkabidhi bahasha nyembamba, uso umemchangamka.

"Nimekusaidia, dada. Ilikuwa kurasa tisini, peupe tu! Nimebadilisha herufi, nimepunguza pambizo, sasa iko arobaini."

Binti akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mana yanjye, Mungu wangu! Mama, ukurasa mmoja ni dakika moja ya filamu. Umenikatia dakika hamsini!"

"Sijakata hata neno moja."

"Hapo peupe ndipo watu wangu wanatembea, mama. Wanatazamana. Wananyamaza."

Mama akatazama saa ya ukutani, akachomeka tena flashi, akachapisha upya, herufi zikiwa pana kama za taipureta. Karatasi zikitoka, alikuwa akizichungulia. "Huyu mwanamume ananyamaza sana," akanung'unika. "Ataomba msamaha lini?"

"Ukurasa wa themanini na nane," binti akajibu, akakumbatia rundo lake na kukimbilia pikipiki.

Zamu yangu ikafika. Nikaitazama hotuba yangu, kurasa sita zilizojaa maneno hadi ukingoni. Nikaomba kalamu, nikakaa pembeni, nikaanza kuwatafutia wakwe mahali pa kupumua.