Kiwanja cha Makaburi Tulichokikosa

Ningekataa tu kupanda juu ya lile lori. Ningesema mgongo unaniuma, au saa ya swala imekaribia. Lakini mgombea wa kiti cha wadi alikuwa amenipangia kuzungumza baada ya pasta, na mimi sijawahi kupewa kipaza sauti nikakirudisha bila kukitumia.

Nilisilimu nikiwa karani wa ghala la mahindi hapa Eldoret. Jamaa zangu wa magharibi mwa Kenya walidhani ni homa, itapita. Haikupita. Mke wangu alisilimu baadaye kwa hiari yake, akisema amechoka kupika futari ambayo hakuifungia. Alinishinda upesi. Mimi nilikuwa bado nachungulia jirani kwenye safu ili nijue kama ni kuinama au kusujudu. Watoto wetu walibaki kanisani.

Msikiti wetu wa mabati, upande wa kuelekea Turbo, ulikuwa na wengi wa aina yetu: watu waliosilimu ukubwani, wapangaji, wasio na shamba. Kwa kuwa nilizoea maofisi na sikuogopa kuongea, wakanifanya mwenyekiti. Nikanunua kofia ya kuvaa vikaoni. Ilinikaa vizuri, na nilijua hivyo.

Shida yetu ilikuwa kufa. Huku bara mtu huzikwa kwao, shambani. Aliyesilimu akifa katika nyumba ya kupanga, jamaa hufika na gari na kwaya, wakampeleka kijijini, wakakaa matanga wiki nzima kabla ya kumzika. Mke wangu aliogopa hilo kuliko ugonjwa. Aliniomba azikwe siku hiyohiyo, kwa sanda, na waliokuwa wakiswali naye. Nilimweleza kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa na mtu mwenye mzaha. Alifikiri sana, kisha akasema, "Shemeji, kama ni hapo karibu na nyumba yenu, ambapo tunaweza kuja kumwona, sawa. Lakini si kwenye makaburi ya Waislamu huko mjini, katikati ya watu tusiowajua."

Kwa hiyo tukamwendea mwakilishi wadi wetu kuomba kiwanja. Hakuwa Mwislamu, lakini alivua viatu akaketi kwenye mkeka, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi, na akatusikiliza. Wapima ardhi walikuja wakapiga vigingi kwenye ardhi ya umma nyuma ya soko. Kilichobaki ni kupitishwa na kaunti.

Ndipo uchaguzi ukaja, na mpinzani wake akanitafuta. Aliahidi kiwanja kilekile, pamoja na ua, lango na tangi la maji ya kuoshea maiti. Imamu alikuwa ametuonya kwamba msikiti usiegemee upande wowote. Nilimwambia mke wangu kwamba naenda mkutano wa kampeni huko Chepsaita kumsikiliza tu huyo mtu. Alikuwa anachambua mboga, hata hakuinua kichwa.

"Nenda kama wewe," akasema. "Usiende kama sisi."

Nilikwenda kama sisi. Pasta aliomba mpaka jua likahama, halafu nikasimama juu ya lori na kofia yangu nikatangaza kwamba Waislamu wote wa wadi hii wako nyuma ya mgombea huyu. Nilishangiliwa kwelikweli. Nilishuka nikijiona mtu mkubwa. Jioni, video ilinitangulia msikitini. Kijana mmoja muuza mitumba akaniambia, "Mzee, hongera. Umetupigia kura hata kabla ya siku yenyewe." Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Mpinzani alishindwa. Mwakilishi wetu akarudi kitini, nasi tukaenda kumpongeza. Alitukaribisha chai, akauliza habari za mvua. Nilipotaja kiwanja, akaweka kikombe chini.

"Mzee wangu, si ulisema Waislamu wote wako kule? Sasa hao wa kuzikwa kwangu ni akina nani?"

Hakufoka. Faili yetu haikuchanwa wala kukataliwa. Ililala tu. Muda si mrefu vigingi vikang'olewa, na mahali pale pakajengwa vibanda vya soko. Niliacha uenyekiti kabla sijaambiwa niuache. Wenzangu waliendelea kunisalimia vizuri, ila hawakunituma tena mahali popote.

Mke wangu alipofariki katika hospitali ya Plateau, shemeji alifika na ndugu zake. Nilimkumbusha ahadi yake. Alikuwa akilia.

"Sikuikataa," akasema. "Nionyeshe hapo mahali tuende."

Sikuwa na mahali pa kumwonyesha. Nilitaja makaburi ya mjini, akatikisa kichwa, na wanangu wakawa upande wa mjomba wao. Mama yao alikaa mochari wiki nzima, akapelekwa kijijini kwao, akazikwa ndani ya jeneza, kwaya ikiimba. Mimi nilisimama nyuma ya watu. Aliniomba jambo moja tu la kumfanyia akifa, na sikuweza kulifanya kwa sababu ya nilichosema juu ya lile lori.