Tundu la Upande wa Kushoto

Ilikuwa mwaka wa sabini na moja. Hapana, naongopa, sabini na tatu, maana binti yangu alikuwa ameshaanza kuvaa viatu vya kamba.

Kazi yangu maabarani ilikuwa kukata ubongo wa paka, vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nilimkatia Daktari, mama mfupi mwenye haraka, ambaye chai yake ilipoa kila siku mezani. Alichunguza ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaotuwezesha kutembea bila kuyumba. Alisema umepangwa kwa mistari mirefu, mbele hadi nyuma, kama shamba lililopigwa matuta. Profesa, mkuu wetu, alishikilia kuwa ni viraka vitupu.

Basi Daktari akatia rangi chini ya ubongo, ipande yenyewe ichore mstari. Mimi niliugawa nusu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kabla ya kukata kila nusu nilitoboa tundu dogo upande wa kushoto. Kipande kikielea majini hupinduka, na bila tundu hujui kulia ni wapi.

Nusu ya mbele ikatoka safi. Ya nyuma, mstari ukarukia upande wa pili!

"Naona mstari wako umevuka barabara, mama," Profesa akacheka.

Daktari akanigeukia. "Kaka, kweli ulitoboa kushoto?"

"Kushoto, Daktari. Haki ya Mungu."

Miezi minane alivikodolea macho vile vipande. Mwisho akaandika kwamba amekosea, akafungasha, akaenda kufundisha mbali.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya binti yangu, namvisha viatu.

"Baba, huo mguu ni wa kulia! Mtu mzima hujui kushoto?"

Nikabaki na kiatu mkononi. Baada ya nusu ya mbele, mafundi walikuwa wamesogeza meza yangu dirishani, nami nikawa nakaa upande wa pili, ubongo umenielekea. Nilitoboa kushoto kwangu, si kwa paka.

Nikamkimbilia Profesa.

"Sasa ni meza tena?" akasema. "Vile vipande viko stoo, vimefungiwa. Kafanye kazi."

Daktari nilimwandikia mara mbili, kimya. Profesa nilimuuliza hadi akastaafu, naye alinipita tu kwenye korido kama nguzo. Na swali lenyewe fupi: tukivipindua vile vipande vya nyuma tu, mstari hauungani?